Kuondoa Hewa ya Ukaa Angani: Somo kutoka Mashamba ya Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Katika vijiji vya Isingiro, wilayani Kyerwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Karagwe, mtu hahitaji maabara ili kutambua tofauti kati ya udongo wa kibanja na udongo wa rweya. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Udongo wake ni mweusi na una rutuba. Rweya ni nyika ya majani iliyo nje ya makazi. Udongo wake ni hafifu na mazao hayastawi humo kwa urahisi. Tofauti hii haikuletwa na maumbile peke yake. Kwa vizazi vingi wakulima wamekata majani ya rweya na kuyatandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi, majivu na mabaki ya jikoni. Kila mzigo wa majani uliofika shambani ulibeba kaboni ambayo mimea ilikuwa imeitwaa kutoka hewani, na sehemu ya kaboni hiyo ikabaki udongoni.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili. Majani yaliyokitajirisha kibanja yaliifukarisha rweya, kwa kuwa kila mzigo uliondoka na kaboni pamoja na chakula cha mimea, wala haukurudishwa. Anayepima kibanja peke yake ataona faida tupu. Anayepima kibanja na rweya pamoja atatambua kwamba sehemu ya faida hiyo ilikuwa ni mali iliyohamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Siku hizi mataifa yanazungumzia kuiondoa hewa ya ukaa angani ili kuzuia ongezeko la joto duniani, na baadhi ya kazi hiyo imekwisha kujaribiwa katika mashamba ya Karagwe na Kyerwa. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na yanaonyesha kwa nini kila dai la kuondoa hewa ya ukaa lapasa kupimwa kama kibanja na rweya: pande zote mbili kwa pamoja.

Maana ya sifuri halisi

Hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini lisipotelee anga za juu, na kwa sababu hiyo huhesabiwa miongoni mwa gesijoto. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban sehemu 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Vipimo vilivyoanza kuchukuliwa mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, visiwani Hawaii, vilionyesha sehemu zipatazo 315. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita sehemu 420. Ongezeko hili limetokana hasa na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na pia na ukataji wa misitu.

Karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu hubaki angani. Iliyobaki humezwa na bahari, mimea na udongo. Kazi hiyo ya maumbile isichanganywe na kuondoa kunakofanywa na binadamu kwa makusudi, kwani bahari ingemeza sehemu yake hata kama hakuna aliyepanda mti.

Katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, mataifa yalikubaliana kufikia uwiano kati ya gesijoto zinazotolewa na zinazoondolewa katika nusu ya pili ya karne hii. Hali hiyo ndiyo huitwa sifuri halisi. Neno sifuri hapa halina maana kwamba hapatakuwa na moshi hata kidogo. Maana yake ni kwamba kile kitakachobaki kutolewa, kwa mfano kutokana na saruji, ndege, mifugo na mbolea za mashambani, kitalingana na kile kinachoondolewa.

Ukubwa wa kazi hiyo unafaa kueleweka kwa tarakimu. Mwaka 2023 dunia ilitoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kutengeneza saruji. Kiasi kinachoondolewa na binadamu kwa makusudi hukadiriwa kuwa tani bilioni 2 hivi kwa mwaka, na karibu chote hutokana na miti na misitu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mtu anayelipa shilingi 2 huku akikopa shilingi 37 hawezi kudai kwamba yu njiani kumaliza deni lake. Lazima kwanza apunguze kukopa.

Njia ya kwanza: miti mashambani

Jani hutumia nguvu ya jua kuunganisha hewa ya ukaa na maji ili kujenga sukari. Utaratibu huu huitwa usanisinuru. Kutokana na sukari hiyo mti hujenga shina, matawi na mizizi. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kwa kuwa uzito wa atomu ya kaboni ni 12, na uzito wa molekuli ya kabonidioksidi ni 44, kila kilo 12 za kaboni zilizo ndani ya mti zilitoka katika kilo 44 za hewa ya ukaa.

Katika miaka ya 2010 shirika la Vi Agroforestry liliendesha Karagwe na Kyerwa mradi ulioitwa Emiti Nibwo Bulora, maana yake miti ndiyo uhai. Wakulima wadogo walipanda miti kwenye mipaka ya mashamba, katikati ya mazao, au katika vipande vya ardhi vilivyotengwa. Kaboni iliyokadiriwa kuhifadhiwa na miti hiyo iliuzwa kwa watu na makampuni ya nje kwa utaratibu uitwao Plan Vivo, ambao hutaka si chini ya asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwafikie washiriki wenyewe. Miti hiyo ina manufaa mengine pia: hutoa kuni, mbao na matunda, hupunguza nguvu ya upepo, na hushika udongo wa miteremko.

Hesabu ya biashara hiyo haipaswi kufanywa kwa haraka. Tuseme mkulima amepanda miti 100, na baada ya miaka kadhaa inatazamiwa kwamba kila mti utakuwa na uzito mkavu wa kilo 200. Kila mti utakuwa na kilo 100 za kaboni, sawa na kilo 367 za hewa ya ukaa. Kwa karatasi, miti 100 imeondoa tani 36.7.

Sasa yaulizwe maswali matatu. Swali la kwanza: miti mingapi ilikufa? Ikiwa ni 10, imebaki 90. Swali la pili: mkulima angepanda miti mingapi hata kama mradi usingekuwapo? Ikiwa angepanda 30 kwa ajili ya mbao zake, hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya mradi. Inabaki 60, sawa na tani 22 hivi. Swali la tatu: ikiwa moto, ukame au wadudu watashambulia miti baadaye, nani atafidia? Mradi wenye busara hutenga akiba isiyouzwa. Akiba ikiwa asilimia 20, kiasi kinachoweza kuuzwa kwa haki ni tani 17.6 tu.

Tarakimu hizi ni za mfano, lakini tofauti kati ya 36.7 na 17.6 si jambo la kalamu tu. Mnunuzi aliyeuziwa tani 36.7 ataendelea kutoa tani 36.7 za moshi kwa imani kwamba zimefutwa. Zaidi ya tani 19 zitakuwa zimebaki angani bila mtu kuzihesabu.

Njia ya pili: mkaa wa kutia udongoni

Magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa au vumbi la mbao vikiachwa kuoza, karibu kaboni yake yote hurudi hewani baada ya miaka michache. Lakini vitu hivyo vikipashwa joto kali mahali pasipo na hewa ya kutosha, sehemu ya kaboni hugeuka kuwa mkaa. Ndani ya mkaa, atomu za kaboni hujipanga katika pete zilizoshikamana, ambazo vijidudu vya udongoni huzivunja kwa shida sana. Katika bonde la mto Amazon, nchini Brazili, ipo ardhi nyeusi yenye mkaa uliotiwa na wenyeji mamia ya miaka iliyopita, na mkaa huo ungalipo hadi leo.

Mfano wa hesabu ni huu. Kilo 100 za magunzi makavu zikitoa kilo 25 za mkaa, na asilimia 70 ya mkaa huo ikiwa kaboni, zitapatikana kilo 17.5 za kaboni. Tukichukulia kwamba sehemu nne kwa tano zitadumu kwa karne moja, zitabaki kilo 14, sawa na kilo 51 hivi za hewa ya ukaa.

Udongo wa Karagwe una asili ya volkano. Udongo wa namna hii huwa na misombo ya alumini na chuma inayoikamata fosforasi kwa nguvu, hata mizizi isiweze kuipata. Tatizo hilo lilichunguzwa wilayani humo na Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, pamoja na wenzake, kwa kushirikiana na shirika la wakulima la Mavuno. Mojawapo ya mbolea zilizojaribiwa iliitwa mboji ya CaSa. Mboji hiyo ilichanganya mabaki ya mimea, mkaa, na kinyesi cha binadamu kutoka vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi hicho kilipashwa joto kwanza ili kuua vijidudu vya maradhi.

Jaribio lilifanywa katika vipande vya shamba vyenye eneo la mita za mraba 9 kila kimoja. Kila aina ya mbolea ilirudiwa mara tano, na mazao saba ya kienyeji yalipandwa kwa kuchanganywa, kama wakulima wenyewe wanavyofanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalikuwa kama ifuatavyo:

Bila mbolea yoyote: tani 1.10
Tope la mtambo wa bayogesi: tani 2.63
Mboji ya kawaida: tani 3.18
Mboji ya CaSa: tani 4.40

Aidha, mboji ya CaSa ilipunguza uasidi wa udongo, kipimo cha pH kikapanda kutoka 5.3 hadi 5.9. Fosforasi inayoweza kutumiwa na mimea iliongezeka kutoka miligramu 0.5 hadi miligramu 4.4 kwa kila kilo ya udongo.

Matokeo haya ni ya kutia moyo, lakini mwanafunzi wa sayansi lazima ayasome kwa makini. Je, ni sahihi kusema kwamba mkaa uliyafanya mavuno kuwa mara nne? Hapana. Mboji ya kawaida peke yake ilikwisha kuyafikisha mavuno karibu mara tatu. Mboji ya CaSa ilikuwa na kinyesi, majani na vitu vingine pamoja na mkaa. Kwa hiyo tofauti ya tani 1.22 kati ya mboji hizo mbili haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya mkaa peke yake. Watafiti wenyewe waliona kwamba hakuna mbolea iliyobadilisha kwa kiasi cha maana maji yanayopatikana udongoni, hivyo wakahusisha faida hiyo na chakula cha mimea. Mtu anayeuza mkaa kwa kunukuu tani 4.40 tu, na kunyamazia tani 3.18, ameficha nusu ya jaribio.

Swali jingine ni mahali mkaa unapotoka. Karagwe yamejaribiwa pia majiko yanayopika kwa gesi ya kuni au ya vumbi la mbao na kuacha mkaa mwisho wa kupika. Mama wa nyumba anaweza kuutia mkaa huo katika mboji, au anaweza kuuwasha tena apikie maharage. Akiutia udongoni, kisha mtoto akatumwa porini kutafuta kuni zaidi, kaboni iliyozikwa shambani imelipwa kwa miti iliyokatwa kwingine. Hiyo ni rweya inayofukarika ili kibanja kitajirike. Vivyo hivyo, tanuri baya linalotoa moshi mwingi hupeleka angani methani, gesi ambayo kilo yake moja huleta joto takriban mara 28 ya lile la hewa ya ukaa katika muda wa miaka 100. Faida ya mkaa yaweza kuliwa na moshi wa tanuri lake.

Njia za viwandani

Miti huungua, na ardhi ya kupandia ina mipaka. Kwa sababu hiyo wanasayansi wametafuta pia njia za kuirudisha kaboni ndani ya miamba. Huko Hellisheiði, nchini Aisilandi, hewa ya ukaa iliyoyeyushwa katika maji ilisukumwa ndani ya miamba ya basalti. Taarifa iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi hiyo iligeuka kuwa madini katika muda usiozidi miaka miwili. Mwaka 2021 mtambo uitwao Orca ulianza kazi mahali hapo, ukikusudiwa kunasa kutoka hewani hadi tani 4,000 kwa mwaka.

Afrika Mashariki nayo ina miamba ya basalti na joto la ardhini katika Bonde la Ufa. Nchini Kenya, kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, imejishughulisha na kujenga mitambo ya kunasa hewa ya ukaa kwa kutumia nguvu hizo. Kaboni iliyogeuka jiwe haiungui wala haiozi. Lakini mitambo hii hutumia nguvu nyingi, na gharama ya kila tani huhesabiwa kwa mamia ya dola. Tena lipo swali la haki: je, joto la ardhini la Bonde la Ufa litumike kwanza kufuta moshi wa nchi nyingine, au kuwasha taa za vijiji vilivyo karibu?

Masharti ya uwajibikaji

Kutokana na mifano hiyo, masharti matano yanajitokeza.

1. Kupunguza kuje kwanza. Kuondoa ni kwa ajili ya moshi usioepukika tu. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hata nusu tani ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi haifikishi kwa mwaka. Mmarekani hupita tani 13. Si haki shamba la mkulima wa Isingiro ligeuzwe kuwa ruhusa ya mtu mwingine kuendelea kama zamani.

2. Hesabu iwe ya pande zote. Kinachopimwa kiwe ni pamoja na kuni zilizotumika, moshi wa tanuri, mafuta ya magari, na ardhi iliyofyekwa kwingine ili kufidia chakula kilichopungua. Tena mpimaji asiwe yule yule muuzaji.

3. Muda utajwe waziwazi. Mti wa miaka 20, mkaa wa karne kadhaa na jiwe la maelfu ya miaka si bidhaa moja. Moshi wa makaa ya mawe huathiri anga kwa karne nyingi. Hauwezi kufutwa kabisa kwa mti utakaopasuliwa mbao baada ya miaka 15.

4. Chakula na haki ya ardhi vilindwe. Mkataba wa miti hufunga ardhi kwa muda mrefu, pengine hadi wakati wa warithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo si sawa mume kutia sahihi peke yake, ilhali mkewe ndiye anayepalilia maharage chini ya miti hiyo.

5. Mkulima aelewe anachouza. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ueleze bei, muda, na nani atabeba hasara ikitokea. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lakini kanuni humsaidia yule tu anayejua kwamba zipo.

Hitimisho

Kuiondoa hewa ya ukaa angani ni jambo linalowezekana, na dunia haitafikia sifuri halisi bila kulifanya kwa kiasi fulani. Mashamba ya Karagwe na Kyerwa yanaonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kuleta mahindi zaidi, kuni za karibu na udongo ulio bora. Manufaa hayo yangestahili kutafutwa hata kama kaboni isingekuwa na bei. Pale ambapo mkulima anafaidika kwanza, kaboni ina nafasi kubwa ya kubaki udongoni, kwa kuwa mwenye shamba ana sababu yake mwenyewe ya kuitunza. Pale ambapo faida yote imo katika cheti kilichouzwa ng'ambo, mti utakatwa siku malipo yatakapokoma.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Chukueni udongo wa kibanja na udongo wa rweya kutoka kina kimoja. Ukausheni kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Pimeni gramu 20 za kila udongo, mchome kwa moto mkali katika bakuli la kauri mbele ya mwalimu, kisha mpime tena. Uzito uliopungua hutokana kwa sehemu kubwa na mboji iliyoungua. Ni udongo upi umepungua zaidi? Kwa nini sehemu ya upungufu yaweza kuwa maji yaliyoshikwa na madini ya udongo wenyewe?

2. Rudieni hesabu ya miti 100, mkichukulia kwamba imekufa 25, kwamba mkulima angepanda 15 bila mradi, na kwamba akiba ni asilimia 10. Ni tani ngapi zinaweza kuuzwa kwa haki?

3. Pangeni jaribio la shamba la shule litakaloonyesha kazi ya mkaa peke yake, bila kuchanganywa na kazi ya mboji. Ni vipande vya aina ngapi vinahitajika, na kwa nini kila kimoja kirudiwe?

4. Jadilini: kijiji kimepewa nafasi ya kupanda miti ya kaboni juu ya rweya ambako watu hukata majani ya kutandaza kibanjani na kulisha mifugo. Ni nani wapasao kuulizwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na ni vitu gani vipimwe kabla mti wa kwanza haujapandwa?